Sakafu Haivutwi

Tarehe 2, mwezi wa tatu. Jumatatu.

Daftari hili nimepewa na Binti wa Viungo, yule anayekuja kila Jumatatu kumnyoosha mke wangu mikono na miguu. Kasema niandike kila siku nimefanya mazoezi mangapi. Kaniuliza, "Babu, unajua kuandika?" Nikamwambia mimi nimeandika vipimo juu ya magogo miaka thelathini na nane, kwa mkaa, na haikurudishwa hata mbao moja. Akasema basi utaweza. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu zimezoea gogo.

Nieleze kabisa, anayesoma asisumbuke. Mke wangu aliangushwa na kiharusi mwezi wa kumi na mbili. Upande wa kulia umelala. Maneno yanamtoka moja moja kama maji ya bomba bovu. Nyumbani tuko wawili tu. Binti yetu mkubwa, fundi cherehani, anakaa mji wa ng'ambo ya mto na anataka kumchukua mama yake akamtunze huko. Anasema, "Baba, wewe una miaka sabini na nne, utamnyanyuaje?" Aniulize hivyo mimi, niliyekuwa Wa Juu!

Kwa asiyejua: zamani mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni chini yake. Wa juu anavuta kwenda juu, wa chini anavuta kwenda chini, kutwa nzima. Mimi nilikuwa wa juu. Wa juu ndiye bwana wa kazi. Mkono wangu ulikuwa sawa na paja la mtu mwingine.

Binti wa Viungo akasema kumtunza mgonjwa wa namna hii kunataka kifua na mabega. Kumgeuza kitandani kila baada ya saa tatu asipate vidonda, kumkalisha, kumsimamisha, kumhamishia kitini. Akasema, "Hebu tukupime. Lala kifudifudi, Babu, viganja sakafuni, ujisukume juu. Inaitwa pushapu." Nikacheka. Nikavua shati kabisa aone alichokuwa anakipima.

Sikuinuka.

Sijui niliandikeje jambo hili. Nilisukuma, sakafu ikabaki palepale na mimi nikabaki palepale, pua kwenye saruji. Mara tatu. Mke wangu ananitazama kutoka kitandani. Yule binti akanishika kiunoni akanisimamisha kama anaokota nguo.

Pushapu: 0.

Tarehe 3.

Leo nimening'inia kwenye boriti ya sebuleni nikajivuta mpaka kidevu kikapita. Mara nne! Kwa hiyo nguvu ipo. Kasoro iko kwenye sakafu.

Tarehe 4.

Sakafu tena. 0.

Tarehe 5.

Mvua imeanza. 0.

Tarehe 9. Jumatatu.

Binti wa Viungo kaniuliza habari za kazi yangu ya zamani, nikamweleza kwa kirefu, chai ikapoa. Nikamwambia shimoni kusukuma ni mwiko. Ukisukuma, msumeno unapinda, unakwama, hata kuvunjika. Ukishavuta unalegeza mikono, mwenzako anavuta zamu yake. Tulikuwa na neno moja tu la kazi: "Legeza!" Mengine yote yalikuwa matusi.

Akasema, "Basi ndiyo sababu, Babu. Miaka yote umevuta tu. Misuli ya kusukuma hujawahi kuiamsha."

Nimekaa nikafikiri. Ni kweli. Hata ugomvini sijawahi kumsukuma mtu, nilikuwa namvuta kwa shati anakuja mwenyewe. Miaka sabini na nne natembea na nusu ya mtu ndani yangu imelala na sikujua! Kama upande wa mke wangu vile. Sikumwambia mtu wazo hilo, naliandika hapa tu.

Akaniwekea mpango. Kwanza ukuta: simama umbali wa mkono mmoja, viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka pua ikaribie, kisha sukuma taratibu, mgongo usipinde. Ukishaweza thelathini, hamia ukingo wa meza. Kisha ukingo wa kitanda. Kisha sakafu. Hakuna chuma, hakuna kamba. Nikasema, nisimame ukutani kama mwizi anayepekuliwa? Mke wangu akacheka. Cheko la kwanza tangu mwezi wa kumi na mbili, upande mmoja wa mdomo.

Ukuta: 10.

Tarehe 10. Ukuta: 10. Mvua.

Tarehe 11. Ukuta: 12. Mabega yanauma kama yamepigwa rungu. Mke wangu kasema, "Choo." Nikamletea beseni mbio. Akatazama ukutani.

Tarehe 13. Ukuta: 15. Mvua. Uani matope hadi kifundo.

Tarehe 16. Ukuta: 18. Binti wa Viungo kasifu. Nimemwonyesha tena boriti, hakutaka kutazama.

Tarehe 19.

Wacha niandike nikiwa bado nina haya, nikingoja nitajitetea.

Asubuhi nilitaka kumkalisha mke wangu anywe uji. Binti wa Viungo alinifundisha vizuri: mgeuze kwanza kwa ubavu, sukuma bega na nyonga kwa pamoja, teremsha miguu, kisha mwinue kwa kushika mgongoni. Lakini ukuta umenipa kiburi. Ukuta 20 jana! Nikaona huo mzunguko wote wa nini. Nikamshika mkono nikavuta. Kama msumeno, mvuto mmoja safi.

Mkono wa kulia. Ule uliolala.

Sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia, na tumeoana miaka hamsini na moja na kuzaa watoto watano humu ndani. Bega lilishuka mbele ya macho yangu, pakawa na bonde pale juu palipokuwa na mfupa. Nikauachia mkono ukaanguka kitandani kama si wake. Nilisimama tu. Uji umemwagika miguuni kwangu, wa moto, sikuusikia.

Nilikimbia mvuani mpaka zahanati anakofanya kazi Binti wa Viungo, bila viatu, watu wananipisha njia. Akaja na mwavuli wake. Akalirudisha bega, akalifunga kwa kitambaa shingoni. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Babu, nilikuambiaje kuhusu mkono huu?"

"Ulisema hauvutwi."

"Hauvutwi leo, hauvutwi kesho. Misuli inayolishika bega haifanyi kazi, ukivuta unalitoa. Nani alikuambia uvute?"

Mikono. Nilitaka kumjibu hivyo, kwamba mikono ndiyo iliyoniambia.

Alipoondoka nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikasema, "Nimekukosea, mama watoto." Akasema, "Si... gogo."

Ukuta: sikupiga.

Tarehe 20.

Binti yetu kapiga simu. Nilitaka kumficha, mama yake akaomba simu akasema neno moja tu, "Bega." Usaliti! Binti akalia, kisha akakasirika, na akikasirika anafanana na mimi.

"Baba, basi. Mvua ikikatika na daraja likifunguliwa, nakuja na gari kumchukua mama."

"Kwanza uone kama siwezi."

"Nitaona nini? Umemng'oa bega!"

"Siku utakayofika, nikishindwa kumtoa kitandani mpaka kitini peke yangu, bila kumwumiza, mchukue. Nikiweza, unarudi na gari lako tupu."

Akasema, "Haya. Maneno yako hayo, Baba."

Mto umefunika daraja. Mvua za mwaka huu huenda mpaka mwezi wa tano. Kwa hiyo nina muda. Sijawahi kuomba mvua isikatike, leo nimeomba.

Ukuta: 25. Kwa hasira.

Tarehe 23. Ukuta: 30! Nimehamia meza. Meza: 4. Meza ni kali kuliko ukuta.

Tarehe 27. Meza: 7. Mvua.

Tarehe 1, mwezi wa nne. Meza: 9. Kumgeuza kitandani sasa nafanya kama kitabu kinavyofunguliwa. Mke wangu kasema, "Mlango." Nikaufunga, mvua isiingie. Akasema tena, "Mlango." Nikamwambia umefungwa, tulia.

Tarehe 6. Meza: 14. Bega lake limeshika.

Tarehe 8.

Leo nimepata mshtuko ambao hata wa bega unasogea pembeni.

Wa Chini kaja kunitembelea. Huyu ndiye niliyepasua naye mbao miaka yote ile, yeye shimoni, mimi juu. Macho yake mabovu kwa unga wa mbao uliomwangukia, anatembelea fimbo, mikono yake myembamba kama vyuma vya mwavuli. Kabla hajakaa akasema, "Nasikia unapigana na ukuta."

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima. Dirisha wazi, unahesabu kama dalali wa mnada."

Nikamwambia ukweli, kwamba kuvuta naweza, kusukuma siwezi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaegesha fimbo, akakaa kwenye kiti chetu cha mikono, akaweka viganja kwenye ile mikono ya kiti, akajisukuma. Matako yakaachana na kiti, miguu ikaning'inia, mtu mzima hewani! Nikahesabu mpaka kumi na mbili ndipo akajishusha, taratibu, anatabasamu.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. "Umejifunzia wapi?"

"Shimoni. Lile shimo lilikuwa refu kunipita. Jioni nilikuwa natokaje, ulidhani napaa?"

"Kulikuwa na ngazi, bwana."

"Ngazi ulikuwa unaondoka nayo wewe, bwana. Unashuka kwenye gogo, unaitoa shimoni, unaitia begani, unakwenda nayo nyumbani isiibiwe. Mimi bado niko chini nafuta macho. Nashika kingo mbili za shimo, najisukuma, natoka. Kila siku ya kazi."

"Miaka yote hiyo?"

"Wiki ya kwanza niliita. Ulikuwa hunisikii."

"Kwa nini nisikusikie?"

"Ulikuwa unaimba."

Mke wangu kitandani akacheka tena lile cheko la upande mmoja. Alikuwa anajua! Yeye alikuwa akituletea chakula, alikuwa anaona.

Wa Chini akaendelea, maana akianza hakamatiki. "Na hebu nikuulize, Wa Juu. Meno ya msumeno wetu yalikuwa yanatazama wapi?"

"Chini."

"Kwa hiyo mbao ilikuwa inakatika msumeno ukienda wapi?"

Ukienda chini. Yeye akivuta. Mimi nilikuwa nauinua tu na kuuongoza kwenye mstari. Haya mambo nilikuwa nayajua, meno nilikuwa nayanoa mwenyewe kwa tupa! Lakini sijawahi kuyatazama hivi.

Alipokwenda nikatoka nyuma ya nyumba na mvua yangu kichwani. Ngazi ipo. Imeegemea ukuta, vipago viwili vya kukanyagia vimeoza. Nimeitazama mpaka nikalowa kabisa.

Zoezi la kiti: mimi nilihesabu 2.

Tarehe 9. Meza: 15. Sikuhesabu kwa sauti.

Tarehe 13. Ukingo wa kitanda: 5. Binti wa Viungo kanifundisha kumsimamisha. Magoti yangu yanazuia magoti yake, mikono yangu mgongoni kwake, yeye anainama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, tunahesabu, anasimama. Kasema, "Mwache naye afanye, Babu, usimbebe." Mimi nikambeba. Ni haraka zaidi.

Tarehe 17. Kitanda: 8. Mvua. Mke wangu kasema, "Choo." Beseni.

Tarehe 22. Kitanda: 10. Kiti: 5. Shati la harusi ya binti yetu limenibana kifuani! Nimelivaa kutwa.

Tarehe 27. Binti wa Viungo kasema maneno ya mke wangu yanaongezeka. Mimi sijaona. Kwangu husema yaleyale.

Tarehe 4, mwezi wa tano. Kitanda: 16. Mvua ndogo. Sikuipenda.

Tarehe 9.

SAKAFU: 1.

Nimerudia kuandika: 1. Pua ilifika saruji na ikaondoka. Nililala pale chini nikicheka peke yangu, mke wangu akauliza, "Umekufa?" Nikasema bado. Akasema, "Basi nisikilize." Nikamwambia subiri nipige ya pili kabla misuli haijapoa. Sikuipata ya pili. Nilipomwuliza alitaka kusema nini, akafumba macho.

Tarehe 12. Sakafu: 2. Jua.

Tarehe 15. Sakafu: 4. Jua. Wanasema maji yameshuka chini ya daraja.

Tarehe 19. Sakafu: 6. Daraja limefunguliwa.

Tarehe 21.

Binti yetu kafika saa nne asubuhi na gari la kuazima, kiti cha nyuma kimetandikwa magodoro. Hakuingia hata ndani vizuri. "Haya, Baba. Niko hapa."

Binti wa Viungo alikuwepo, nilimwomba awe shahidi. Wa Chini naye alikuja, huyo hakuombwa. Nikamfunua mke wangu shuka. Nikamgeuza, bega na nyonga pamoja. Nikateremsha miguu. Nikamkalisha. Magoti kwa magoti, mikono mgongoni, moja, mbili, tatu, juu. Nikamzungusha, nikamkalisha kitini, taratibu kama yai. Hakulia, hakukunja hata uso. Binti yetu akaziba mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka. Binti wa Viungo akapiga makofi. Mimi nikavuta pumzi ya miezi mitatu nikasema, "Haya. Geuza gari lako."

Mke wangu akasema, "Na mimi?"

Tukageuka wote.

"Na wewe nini, mama watoto?"

"Mimi nimeulizwa na nani?" Akapumzika. Akaendelea, pole pole lakini maneno yote yamefuatana, sijui yalikuwa yamefichwa wapi. "Mnashindana. Wewe na huyu. Hajaniuliza mtu."

Binti yetu akapiga goti. "Mama, unataka nini?"

"Nataka kwenda chooni."

Nikaruka kuchukua beseni. Akapiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima, pa! "Si beseni! Chooni. Kwa miguu yangu. Hapa choo kiko uani. Vizingiti vitatu, na matope. Kwa binti choo kiko ndani, sakafu sawa. Nilikwambia choo. Nilikwambia mlango. Unaleta beseni, unafunga mlango, unaenda kuhesabu."

Mikono yangu ilikuwa bado iko hewani, beseni ndani yake. Miezi mitatu! Nilimjengea kifua kizima ili asiende, na yeye alikuwa anaomba kwenda.

"Unaniacha," nikasema. Mbele za watu.

"Naenda kutembea. Njoo ukitaka." Kisha akasema, "Mimi sikuvuti."

Wa Chini aliangalia fimbo yake. Nikatoka nje.

Sakafu: sikupiga.

Tarehe 22. Sisemi na mtu. Binti yetu anafunga mizigo ya mama yake.

Tarehe 23.

Sikuwahi kulala nje ya nyumba hii tangu niijenge, na mbao zake nilizipasua mwenyewe. Sisi wawili tulizipasua, mimi na Wa Chini.

Asubuhi nilimsimamisha mke wangu kumwingiza garini. Nikashika mgongo, magoti kwa magoti, moja, mbili. Kwenye tatu sikumbeba. Nikangoja. Nikasikia mguu wake wa kushoto unasukuma, halafu, naapa, na wa kulia, kidogo, kama mtu anayejaribu mlango. Akasimama. Uzito wake wote ulikuwa kwake, mimi nilikuwa nimeshika nguo tu. Wiki ngapi alikuwa anaweza hivi na mimi nikimnyanyua?

Akaketi garini. Akanitazama. Mkono wake mzima alikuwa ameuweka pajani, haukunyooshwa.

Nikarudi ndani. Nikachukua daftari hili na shati la harusi. Nikampelekea Wa Chini ufunguo na ile ngazi, vipago vipya viwili nimepigilia jana nilipokuwa sisemi na mtu. Akaipapasa kwa mikono. "Umechelewa miaka arobaini," akasema, "na sasa nipande wapi, mbinguni?" Lakini aliiingiza ndani.

Nikakaa kiti cha mbele. Binti yetu akawasha gari.

Tarehe 30.

Nyumba ya binti ina vyumba vitatu na cherehani inayolia kutwa. Ukuta wake mgumu kama wa kwetu. Kila mtu ananiagiza.

Tarehe 6, mwezi wa sita.

Kutoka kitandani mpaka choo cha humu ni hatua kumi na moja za kwangu. Leo asubuhi mke wangu kasema atakwenda. Mkono wa kushoto ukutani. Mimi nikasimama upande wake wa kulia nikamshika kiunoni kwa kifua chote nilichokijenga, nikashika hasa.

Akasema, "Legeza."

Neno la shimoni. Alilisikia siku zote zile alizokuja na chakula.

Mikono ilikataa. Naandika ukweli. Kidole kimoja kimoja ndipo ikaachia, nikairudisha chini, nikasimama nayo mapajani. Mguu wa kushoto. Wa kulia ukaburuzwa ukafuata. Wa kushoto. Wa kulia. Kisha akaegemea ukuta akipumua, akageuza uso kunitafuta, nami nilikuwa palepale nilipoachwa.

Sakafu: nimesahau kupiga.

Hatua zake: 4.